Nani Atoe Fedha za Ngoma na Magofu?

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za fedha. Si fedha za biashara wala za mishahara, bali zile zitolewazo bure na matajiri, na serikali za kigeni, na vyama vya hisani, kwa ajili ya mambo mawili ambayo kila nchi igawapo mapato yake huyaweka mwisho wa orodha: ngoma na nyimbo kwa upande mmoja, na majengo ya kale kwa upande wa pili. Fedha hizo siku hizi huitwa ruzuku. Pengine mtu atasema kwamba jambo hili si la watu kama sisi, ni la mabalozi na wakurugenzi. Nasi tulidhani hivyo, mpaka siku tulipoombwa kuandika barua.

Karibu na chuo chetu, ambacho ni chuo cha ualimu, pana kijiji cha wavuvi, na kijijini hapo pana kikundi cha ngoma ya zumari. Jioni moja walikuja wazee watatu wa kikundi hicho, wakaketi barazani, wakanywa kahawa, na baada ya kuulizana hali kwa kirefu kama ilivyo ada, mmoja wao akasema, "Walimu wetu, tumesikia liko shirika ng'ambo lawapa fedha watu wa ngoma. Sisi ngoma tunayo, barua hatuijui. Tuandikieni." Nasi tukakubali kwa furaha, kwa kuwa tuliona kazi ya kuandika barua ni nyepesi.

Karatasi za shirika lile zilipofika zilikuwa kurasa kumi na nne. Ziliuliza namba ya kikundi katika daftari la serikali, na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Tukawauliza wazee hesabu zao. Wakatuletea daftari moja la shule, la mistari, lenye jalada lililoliwa na mende, na ndani yake yameandikwa kwa kalamu ya risasi yote yaliyoingia na kutoka kwa muda wa miaka tisa: michango ya wanachama, fedha walizotunzwa arusini, ngozi iliyonunuliwa, deni la karabai. Mahali pamoja palikuwa pameandikwa, "Tumetunzwa kanga doti mbili na samaki nguru mmoja, nguru ameliwa." Hakuna mkaguzi aliyepata kuliona daftari lile, lakini tulijumlisha kurasa zote, nasi hatukuona kosa hata moja.

Yaliyofuata tutayasema baadaye. Kwanza twataka tuwaeleze kazi ambazo ruzuku zimefanya katika pwani yetu, maana wako watu wazidharauo, na hao twaona wamekosea.

Tazameni Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na watu wengi walipigana na kufa kwa ajili yake. Lakini tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza tu, mahali ambapo hapana mtu aliyetaka kuingia kwa hiari yake. Wakati ule ndipo Wakfu wa Gulbenkian ulipotoa paundi 30,000 ili ngome itengenezwe na kufanywa nyumba ya makumbusho. Gulbenkian mwenyewe alikuwa Mwarmenia, aliyezaliwa mwaka 1869 karibu na Istanbul, akatajirika kwa sehemu yake ya tano katika kila mia ya mafuta ya Iraki, akafa Lisbon mwaka 1955. Kwa wasia wake mali yake nyingi ikafanywa wakfu mwaka uliofuata. Fikirini basi: mafuta yatokayo chini ya mchanga wa Iraki yalilipa ujira wa vibarua wa Mombasa waliotoa vifusi kwa karai, wakati bwana James Kirkman alipokuwa akichimbua mambo ya kale ndani ya kuta zile. Tarehe 24 Oktoba 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Fedha za Gulbenkian zilikwisha zamani, wala ngome haikufungwa. Sababu yake si siri. Pana lango, na langoni pana mtu auzaye tiketi, na nyuma yake iko idara ya makumbusho yenye watu waliojifunza kazi. Ruzuku ilifanya kazi ya kuondoa gereza na kuanzisha kitu kiwezacho kujilisha, walau kwa sehemu. Paundi 30,000 zilikuwa nyingi kwa siku zile, lakini hata zingalikuwa mara kumi zisingalifaa kitu kama zisingaliacha nyuma yake lango na mtu wa kulilinda.

Sasa tushuke kusini mpaka Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini. Hatari yenyewe ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho. Bahari ilikuwa ikila ufuo chini ya Gereza, mizizi ya miti ilikuwa ikipasua kuta, na mvua ilikuwa ikiingia juu ya kuta zisizo na dari na kutoka chini pamoja na udongo wa ndani. Fedha zikaja kutoka Ufaransa, Japani na Marekani, na kwa mkono wa chama cha World Monuments Fund cha New York. Mwaka 2014 magofu yale yakatolewa katika orodha ya hatari. Hilo ni jambo la kujivunia, nasi hatulitaji kwa unyonge.

Lakini mambo tuliyopenda zaidi katika habari za Kilwa ni mawili madogo, nayo ni mikoko na chokaa. Mikoko ilipandwa ufuoni ili kuyavunja nguvu mawimbi, na hiyo ni kazi ambayo watu wa visiwani hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Na chokaa, hapo twaomba mtuvumilie kidogo, maana wanafunzi wetu hawajui, na baba zao nao wameanza kusahau.

Kuta za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma mawe yale yale ya bahari. Hupangwa magogo kwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, na mawe juu yake, kisha moto hutiwa ndani. Mawe yakishaiva humwagiwa maji, yakatokota na kuwa unga, na mafundi wa kweli hawautumii siku ile. Huuacha ukae miezi, hata ukawa laini kama siagi. Ukuta wa namna hii hupumua. Ukinyonya maji ya masika, huyatoa tena wakati wa kiangazi. Basi akaja mtu mwenye haraka akaziba ufa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo haipitishi maji vizuri. Unyevu ukabaki ndani, chumvi ikafanya kazi yake polepole, na baada ya miaka michache kiraka cha saruji kipo, kizima kabisa, ila ukuta uliokishika umegeuka unga. Kwa sababu hiyo fedha zilizowafundisha vijana wa Kilwa kuchanganya chokaa twaziona ni bora kuliko fedha zilizonunua kitu chochote kingine. Fundi akiisha kujua, amejua, naye aweza kuitwa mwakani na mwaka wa tano.

Tazameni sasa upande wa pili wa jambo. Unguja, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nyumba ambayo wageni waliokuja kwa meli waliiona kabla ya kuona kitu kingine chochote cha mji. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, ikafungwa. Serikali ya Omani ikakubali kutoa fedha za kuitengeneza, na kazi ikaanza. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, upande mkubwa wa jumba pamoja na mnara wa saa ukaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Hapo fedha hazikukosekana. Fedha zilikuwapo. Lakini jengo la chokaa lataka kuzibwa dari yake kila mwaka kabla ya masika, kwa fedha kidogo, na mtu asiyejulikana jina, apandaye ngazi na ndoo yake. Mvua ikiisha kupata njia ya kupita, hakuna hazina iwezayo kukimbizana nayo.

Ikiwa mawe yana haja ya namna hiyo, nyimbo zina haja zaidi. Gofu laweza kungoja miaka kumi bila mtu, likapata hasara, lakini likawa bado lipo. Wimbo haungoji. Mpigaji akifa pasipo mwanafunzi, umekwisha siku ile ile, na hapana fundi wa Paris wala wa New York awezaye kuuchimbua. Tumeona pia jinsi mambo ya muziki yanavyoyumba pale fedha zinapotoka mahali pamoja tu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa Unguja mwaka 2002, kikawafundisha vijana taarabu, ngoma na kidumbaki, na kwa miaka mingi kiliishi kwa ukarimu wa wafadhili wa nje. Mwaka 2019, ruzuku zilipokwisha, walimu walikuwa karibu kufunga milango, kwa maana wanafunzi wao wengi hawakuweza kulipa hata ada ndogo. Kadhalika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza kufanywa mwaka 2004, halikufanywa kabisa mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka 2017. Wako waliocheka wakasema, "Si tuliwaambia?" Sisi hatukucheka. Tuliwafikiria wapigaji ambao mwaka ule hawakuwa na jukwaa.

Je, wazee wetu walifanyaje? Wengine hujibu kwamba sultani alilipa. Ni kweli kwamba Barghash alimpeleka mtu Misri kujifunza kinanda, na wanamuziki wa jumba lake waliishi kwa fadhili zake. Walakini sultani alikuwa mmoja tu, na ngoma zilikuwa kila mtaa. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, kikaendeshwa kwa michango ya wanachama wenyewe, nacho kimepita miaka mia na zaidi. Na katika kila taarabu na kila ngoma ya arusi ilikuwapo, na ipo mpaka leo, desturi ya kutunza. Mwanamke huinuka mahali pake, hucheza polepole mpaka mbele ya mwimbaji, humpa noti mkononi au humbandika kwenye paji la uso, hurudi akaketi. Wageni wakiona hudhani ni mchezo tu.

Sisi tulio walimu wa lugha twapenda neno hili. Kutunza ni kumpa zawadi mpiga ngoma. Na kutunza ni kuweka kitu kisiharibike. Kiswahili hakikuona haja ya vitenzi viwili. Anayempa mwimbaji noti arusini atenda kazi ile ile ya fundi apakaye chokaa juu ya gofu, na lugha yake yamwambia hivyo kila siku bila ya yeye kusikia.

Neno la pili ni wakfu. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni hatukufundishwa sana habari zake, nasi tulijifunza ukubwani kwa majirani zetu Waislamu. Mtu mwenye minazi au nyumba au duka huitoa mali ile, akaifunga isiuzwe wala kurithiwa, na pato lake likawekewa kazi maalumu: mafuta ya taa ya msikitini, au maji ya wapita njia, au makao ya maskini. Shina haliliwi, huliwa tunda. Ni kweli kwamba wakfu nyingi za Unguja zilidhoofika. Kodi za nyumba zikawa ndogo hata zisitoshe kununua chokaa ya nyumba hizo hizo, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 mashamba mengi yaligeuka kuwa ya serikali. Lakini shauri lenyewe lilikuwa la akili. Nalo ndilo shauri la Gulbenkian, na la mashirika mengi makubwa ya hisani ya Ulaya na Marekani. Yameweka shina kwao, nayo yala matunda mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana hayafi.

Hapo ndipo tulipopata swali ambalo halikuwa katika kurasa zile kumi na nne. Wao wanaishi kwa shina. Mbona sisi hutupa tunda tu, tena la mwaka mmoja?

Turudi kijijini. Barua tuliiandika, na fedha zikaja. Ziliruhusiwa kununua mavazi na ngoma mpya, na kulipa gari la kuwachukua wachezaji mpaka mjini kuonyesha ngoma mara tatu, na picha zipigwe. Yote yalifanyika, risiti zikatunzwa, taarifa ikapelekwa. Kwa muda wa mwaka kijiji kilikuwa na furaha. Mwaka ulipokwisha, mavazi yakakunjwa yakatiwa sandukuni.

Na mpiga zumari? Mzee huyu amepita miaka sabini, na ngoma yote yamtegemea yeye, maana pasipo zumari wale wengine ni watu wapigao ngozi tu. Kupiga zumari si kazi ya kujifunza kwa juma moja. Mpigaji hujaza upepo mashavuni, na wakati upepo ule utokapo hana budi kuvuta pumzi nyingine kwa pua, bila sauti kukatika hata kidogo, kwa muda wa nusu saa na zaidi. Kijana hujifunza kwanza kwa mrija na kikombe cha maji, akifanya mapovu yasiyokoma. Kisha hujifunza kuukata ulimi wa zumari, ambao ni wa jani, na ambao ukikatwa vibaya hautoi sauti ila mlio wa bata. Haya yote ni miaka miwili au mitatu, na kwa siku zile mzee huacha kwenda baharini. Katika bajeti tuliyoiandika hapakuwa na senti moja ya mzee huyu. Kurasa zile hazikuwa na mstari wa mwalimu, nasi, ambao ni walimu, hatukuuliza. Twaliungama kosa hilo mbele yenu.

Alipoulizwa na mmoja wetu kama ameudhika, alisema, "Wanangu, mimi nimetunzwa tangu utoto wangu. Ila aliyenitunza alikuwa akinitazama usoni." Tangu siku ile kifua kimeanza kumsumbua wakati wa kusi.

Basi tuliandika barua ya pili. Safari hii hatukuomba mavazi. Tuliomba mambo mawili: ujira wa mzee kwa miaka mitatu ili awafundishe vijana wanne, na fedha za kununua kishamba cha minazi, ili nazi zake zinunue ngozi na malimbikizo ya kikundi yapate mahali pa kutoka. Tulieleza habari za wakfu kwa maneno machache, na tukataja kwa adabu kwamba shirika lenyewe laishi kwa njia hiyo. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Lilikuwa la upole. Ujira wa mwalimu, walisema, wataufikiria. Lakini kanuni zao hazikubali kununua ardhi.

Wazee waliposomewa jibu lile hawakuonyesha huzuni. Mwenyekiti akasema kwamba nani ametaja ardhi? Kwa desturi ya pwani mtu aweza kuwa na mnazi pasipo kuwa na ardhi uliposimama. Wakalifungua daftari lao la mende, wakaandika kwamba tangu siku ile theluthi ya kila tunzo itawekwa kando, na samaki wakitolewa watauzwa, wasiliwe. Palikuwa na mabishano makali juu ya samaki, lakini kura zikapita.

Ninyi wenzetu walimu, na makarani, na wote mjuao kuandika, vikundi kama hiki vipo katika kila wilaya, navyo vitawajia na maombi kama tuliyoombwa sisi. Waandikieni. Ila kabla ya kuandika neno la kwanza, ulizeni ni nani ambaye akifa leo ngoma itakufa naye, mwandike jina lake katika bajeti hata kama karatasi haina nafasi; pembeni huwa pana nafasi. Na kama ni jengo, ulizeni ni nani atakayepanda ngazi mwaka wa tano, na ndoo yake ya chokaa italipwa na nani. Mfadhili mwema hatakasirika. Mmoja wao alitwambia kwamba maswali ya namna hii hayamfikii mara nyingi.

Kikundi sasa kina minazi sita. Vijana walioanza kujifunza walikuwa wanne, wamebaki wawili, na mmoja wa hao wawili ni msichana, jambo lililowashangaza wengi isipokuwa mzee mwenyewe. Jumamosi iliyopita tulikwenda kuwasikiliza. Msichana yule aweza kushika pumzi mpaka mwisho wa mzunguko wa kwanza wa ngoma. Mizunguko yote ni minne. Kwaherini.